Wembe au chepe? Maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu kuchagua seti ya ayoni Arusha na Moshi

Gofu niliianza kwa kubeba mifuko ya watu hapa Arusha, enzi ambazo kedi akipewa ayoni moja (fimbo ya kichwa cha chuma) iliyochakaa gripu, yaani mshikio, anajiona tajiri. Siku hizi nabadilisha gripu na shafti (mti wa fimbo) nyumbani, na Jumamosi haipiti bila mtu kufungua buti la gari, kutoa seti mbili na kuniuliza: "Kaka, nichukue ipi?" Majina ya kampuni hubadilika, ila seti zenyewe ni zile zile. Moja ina vichwa vidogo vyembamba vya chuma kilichofuliwa na shafti nzito za chuma. Kwa kawaida imetoka kwa mzee aliyeacha kucheza. Nyingine ina vichwa vipana, mgongo umechimbwa, kitako (sehemu ya chini ya kichwa) kinene, shafti za grafaiti (nyuzi za kaboni); hiyo imeachwa na mgeni aliyemaliza mkataba, au imeagizwa nje. Ya kwanza naiita wembe, ya pili chepe.

Nimepiga namba 7 za seti zote mbili. Ya chepe imekwenda mita kumi na tano zaidi. Si jibu limeshapatikana?

Bado. Ulichopiga si fimbo mbili za aina moja. Namba iliyochorwa kwenye kitako ni jina tu, kama namba ya daladala: haikuambii gari lina injini gani. Angalia lofti, yaani kiasi uso wa fimbo unavyolala nyuma: digrii zikiwa chache, mpira huenda mbali zaidi. Namba 7 ya wembe wa zamani huwa na digrii 34 au 35. Namba 7 ya chepe ya miaka hii mara nyingi ina digrii 28 mpaka 30, na shafti yake huwa ndefu kidogo. Maana yake ni kwamba umechukua kitu kinachokaribia namba 6 au hata 5 ya zamani, kikaandikwa 7, halafu ukashangaa kimefika mbali.

Ukitaka kushindanisha kwa haki, shindanisha 7 ya wembe na 8 ya chepe. Nimeona watu wakinyamaza ghafla baada ya jaribio hilo.

Sasa nizijaribu vipi?

Tafuta mipira kumi na miwili ya aina moja, ile unayochezea, siyo ya mazoezi iliyopauka. Piga kwenye nyasi, usipige kwenye mkeka, kwa sababu mkeka unasamehe: ukigonga ardhi kwanza fimbo huteleza mpaka kwenye mpira na wewe huoni kosa. Mweke kedi au rafiki upande wa grini (eneo lenye shimo na bendera) akiwa na vizibo vya soda. Kizibo cha rangi moja anakiweka mpira ulipoangukia, cha rangi nyingine anakiweka uliposimama. Piga mipira yote kwa fimbo ya kwanza, pumzika, kisha ya pili.

Ukimaliza nenda ukavitazame vizibo kwa macho yako. Usitafute kilicho mbali kuliko vyote. Tazama mambo matatu. Kwanza, vizibo vya kuangukia vimekusanyika au vimetawanyika kama kuku walioona mwewe? Pili, umbali kati ya kuangukia na kusimama ni hatua ngapi? Tatu, mipira yako mibovu zaidi iliishia wapi? Hili la tatu ndilo lenye uzito, kwa sababu raundi ya mchezaji wa kawaida haiharibiwi na mapigo mazuri yaliyopungua mita tano. Inaharibiwa na yale yaliyogongwa kwenye ncha ya fimbo, yakaishia mtoni au kwenye kichaka.

Rudia siku nyingine, asubuhi ukiwa hujachoka. Na kama muuzaji hakubali uzijaribu hata mashimo matatu, mimi ningefunga mkoba nikaondoka.

Ni kweli mpira unakwenda mbali zaidi Arusha?

Ni kweli, ila watu wanazidisha. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, hivyo pigo linaloruka mita 140 kule Dar es Salaam hapa huruka kama 147. Moshi iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900, na kiwanja cha kampuni ya sukari ya TPC kule kwenye mashamba ya miwa kiko chini kuliko mji wenyewe. Ukitoka Arusha kwenda Moshi tofauti ni mita mbili tatu tu kwa pigo la namba 7. Upepo wa saa nane mchana ni jambo kubwa kuliko hilo.

Lisilosemwa sana ni upande wa pili wa hewa nyepesi. Mpira hupaa kwa sababu unazunguka kinyumenyume huku ukisukumana na hewa. Hewa ikipungua, ule msukumo nao unapungua, kwa hiyo mpira haupandi sana na unatua ukiwa umelala. Mpira unaotua ukiwa umelala unakimbia. Hapo chepe yenye lofti kali (digrii chache) inaweza kukuumbua: tayari inarusha mpira kwa mzunguko mdogo, hewa inaongeza yake, na ukichanganya na grini kavu ya Januari au Februari, mpira unadunda mbele ya bendera unapotelea nyuma. Ndiyo maana nasisitiza vizibo viwe vya rangi mbili.

Lakini si chepe zote ziko hivyo. Nyingine zimetengenezwa kitako kikiwa kizito ili mpira upae juu hata kwa lofti kali. Hutaligundua hilo kwa kusoma sifa zake. Utaligundua ukiinua macho na kuona mpira unapita juu ya mti au chini yake.

Kufuliwa na kumiminwa kuna tofauti gani?

Cha kufuliwa kinagongwa na kubanwa kikiwa moto mpaka kipate umbo. Cha kumiminwa kinayeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu. Watasema cha kufuliwa kina hisia laini mkononi. Hisia hiyo kwa sehemu kubwa ni sauti na umbo la kichwa. Faida ya kweli kwa fundi kama mimi ni kwamba chuma laini kilichofuliwa kinakunjika vizuri, hivyo naweza kurekebisha pembe zake digrii mbili bila wasiwasi. Stenlesi ngumu ya kumiminwa ni mbishi, na ukilazimisha shingo inaweza kukatika.

Cha kufuliwa nacho kina udhaifu wake: kromu ikichubuka kinapata kutu. Ukimaliza kucheza kwenye mvua kifute.

Handikapu yangu (kipimo cha uwezo, ndogo ndiyo bora) ni 24. Wembe utaniadhibu?

Utakuadhibu, ndiyo. Swali ni kama unataka adhabu hiyo. Kichwa kidogo kina uzito uliokusanyika katikati. Ukigonga nje kidogo ya katikati, kichwa kinajipinda mkononi na mpira unakufa njiani. Chepe ina uzito uliosambazwa kwenye ncha na kisigino (upande wa shafti), kwa hiyo haijipindi sana na mpira uliogongwa vibaya bado unakaribia mahali pake. Ujanja huu si wa jana. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya fimbo ya Ping mwaka 1959, alijijengea jina kwa kusogeza uzito pembeni mwa kichwa, kwanza kwenye pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), baadaye kwenye ayoni.

Kuna wanaosema wembe unakufundisha kupiga vizuri. Mimi nilijifunzia wembe kwa sababu hapakuwa na kingine, na sidhani kama umenifundisha chochote zaidi ya kuvumilia maumivu ya vidole asubuhi za Julai. Mwenye handikapu 24 anayecheza mara moja kwa wiki namwambia achukue chepe, halafu anaponunua ahakikishe lofti zake si kali kupita kiasi. Mwenye handikapu 12 anayepiga mipira kila jioni ana haki ya kuchagua kwa moyo.

Shafti za chuma au grafaiti?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wanatazama kichwa na kusahau shafti. Shafti nzito za chuma hukaribia gramu 130. Dynamic Gold S300, ambayo utaikuta kwenye seti nyingi za wazee, iko hapo. Za chuma nyepesi ni kama gramu 95. Grafaiti za ayoni nyingi ziko kati ya gramu 50 na 85. Ukibeba gramu 130 mashimo manne ya kwanza hutaona tofauti. Nenda kacheze mashimo 18 pale Kilimanjaro Golf, njia ya kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, jua la saa saba likiwa kichwani. Ukifika shimo la kumi na nne utajua umebeba nini.

Ugumu nao una maana. Kipimo changu cha haraka: ukiwa uwanjani Arusha na umebakiza mita 145 kufika kwenye bendera, unashika fimbo gani ya seti ya lofti za kizamani? Ukishika 7, shafti iliyoandikwa S (ngumu) inakufaa. Ukishika 6 au 5, chukua R (ya wastani). Ukishika mbao, yaani fimbo ndefu ya kichwa kikubwa, chukua R nyepesi au A (laini zaidi), na usione aibu. Shafti ngumu kwa mkono wa taratibu hufanya mpira upae chini na kukimbilia kulia kwa anayetumia mkono wa kulia.

Wazee wenye viwiko vinavyouma: grafaiti. Sina cha kuongeza.

Mimi ni mrefu sana (au mfupi). Nitajuaje kama seti inanifaa?

Simama wima na viatu vyako vya gofu, mikono ikining'inia, mtu apime kutoka kwenye mkunjo wa kiganja hadi sakafuni. Ikiwa ni kati ya sentimita 86 na 94 hivi, urefu wa kawaida unakutosha. Nje ya hapo, tuzungumze.

Kisha kuna lai, pembe kati ya shafti na ardhi. Fimbo ikigusa ardhi kwa kisigino peke yake, uso unageukia kushoto. Ikigusa kwa ncha, unageukia kulia. Kosa la digrii moja kwa namba 7 linaweza kupeleka mpira mita kadhaa pembeni, na wewe ukalaumu swingi yako (namna unavyozungusha fimbo) mwaka mzima. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari kwenye mpira, uweke mstari umesimama wima ukiuelekea uso wa fimbo, upige. Wino utabaki usoni. Mstari huo ukiwa umesimama wima, lai ni yako. Mstari ukiwa umeinama, nione au umwone fundi mwingine.

Seti za Ping zina nukta ya rangi kwenye kichwa: nyeusi ndiyo lai ya kawaida, rangi nyingine ni zaidi au pungufu. Mara mbili nimeletewa seti ya Ping yenye nukta za rangi mchanganyiko, maana yake imeokotezwa kutoka mifuko tofauti. Muuzaji alisema ni "seti kamili". Hesabu namba, kisha hesabu na nukta.

Nikichukua chepe, kwa nini unanilazimisha kununua wedji?

Hesabu mwenyewe. Wedji ni fimbo fupi zenye lofti kubwa, kama pitching na sendi. Pitching ya wembe ina lofti ya digrii 46 mpaka 48. Ukiweka sendi wedji ya 56, pengo ni kama digrii 9. Pitching ya chepe inaweza kuwa na 43 au 44. Ukiweka sendi ile ile ya 56, pengo linakuwa digrii 12 au 13, na hilo ni shimo la zaidi ya mita 30 ambalo huna fimbo yake. Utakuwa umebakiza mita 85 na hujui upige pitching kwa nusu nguvu au sendi kwa nguvu zote. Kwa viwanja vyetu vya mashimo tisa, vyenye grini ndogo, umbali huo ndio unaokukuta kila baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo bei ya chepe ijumlishe wedji ya digrii 49 au 50, isipokuwa kama seti imekuja nayo. Mfuko una fimbo 14 tu kisheria. Wembe unaoanzia 3 mpaka pitching umeshakula nane, na namba 3 yenyewe hutaigusa.

Kitako kinene kinasaidia wakati wa masika?

Kinasaidia sana. Machi mpaka Mei ardhi ikilowa, makali membamba ya wembe yanachimba kama jembe la palizi, na divoti yako (kipande cha nyasi ulichokata) inaruka mbali kuliko mpira. Kitako kipana kinateleza. Kiangazi mambo yanageuka: ardhi ya fewei, ile njia ya nyasi fupi, inakuwa kama sakafu, kitako kinene kinadunda kabla ya mpira na makali yanaugonga mpira tumboni. Anayepiga kwa kushuka sana ataupenda upana. Anayefagia mpira atapendelea wembamba. Kama hujui wewe ni yupi, muulize kedi wako, yeye ndiye anayerudisha divoti zako.

Seti ya wembe ni ya zamani. Inaruhusiwa kwenye mashindano?

Mashindano ya kawaida ya klabu, kwa kawaida hakuna anayekuuliza. Jambo la kujua ni kwamba sheria ya mifereji ya usoni ilibadilika kwa fimbo zilizotengenezwa kuanzia 2010. Za kabla ya hapo zinaweza kuwa na kingo kali zinazouma mpira zaidi kwenye nyasi ndefu. Mashindano makubwa yanaweza kuweka sheria ya ndani inayodai mifereji ya kisasa. Kama una ndoto za kushindana na mapro (wachezaji wa kulipwa), ulizia kamati kabla ya kulipa. Kwa wengi wetu mifereji ya seti ya zamani imeshakwisha yenyewe kwa mchanga wa mabanka (mashimo ya mchanga uwanjani), hakuna kinachouma.

Nitajuaje kama ni feki?

Beba sumaku, hata ile ya kwenye friji. Chuma kinachofuliwa na stenlesi zinazotumika kwenye ayoni nyingi hushika sumaku. Vichwa vya feki mara nyingi ni vya zinki, havishiki. Tazama na maandishi: rangi iliyojazwa ikivuka mstari, herufi zisizolingana kati ya fimbo na fimbo. Pima uzito wa 5 na 6 mkononi. Fimbo fupi lazima iwe na kichwa kizito zaidi. Na bei. Seti mpya ya jina kubwa kwa bei ya viatu, unajua mwenyewe.

Niagize nje au ninunue hapa?

Ukiagiza, jumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kushangilia bei. Ukinunua hapa unaweza kujaribu. Mimi nanunua hapa.

Gripu zimekakamaa. Nipunguze bei kiasi gani?

Punguza gharama ya gripu nane na siku yangu moja. Jua letu linazimaliza gripu, hasa zikiachwa kwenye buti. Gripu ngumu si sababu ya kukataa seti nzuri. Shafti yenye kutu inayotokea ndani, au grafaiti iliyochubuka mpaka nyuzi zinaonekana, hiyo ni sababu.

Naweza kuchanganya: fimbo ndefu za chepe na fupi za wembe?

Unaweza, na huenda ndilo jibu zuri kuliko yote kwa mtu wa handikapu 10 mpaka 15. Chukua 5 na 6 za chepe, na 8, 9 na pitching za wembe. Sharti ni moja: panga kwa lofti, usipange kwa namba. Unaweza kukuta 6 ya chepe ina digrii 26 na 8 ya wembe ina 38. Katikati 7 ya wembe yenye 34 bado inaacha pengo la digrii 8, na 7 ya chepe yenye 29 au 30 inaacha pengo kama hilo upande wa pili. Hapo mimi hukunja 7 ya wembe iwe 32. Shafti zikiwa za uzito tofauti sana, mchanganyiko utakusumbua. Nimewahi kumtengenezea mzee mmoja wa Moshi seti ya namna hii bila kupima shafti. Aliirudisha baada ya wiki mbili, akaniambia kwa upole kwamba nusu ya mfuko unacheza gofu na nusu nyingine unapiga kwata.

Mke wangu anaanza kucheza. Atumie ile nisiyoichagua?

Kama ni wembe wa gramu 130, hapana, utamchosha halafu utasema hapendi mchezo. Kama ni chepe ya grafaiti R, anaweza kuanza nayo ikiwa si mfupi sana. Usiikate shafti haraka: ukiikata inakuwa ngumu zaidi na kichwa kinapoteza uzito mkononi. Mwache kwanza ashike chini kidogo kwenye gripu kwa mwezi mmoja.

Na seti inayobaki?

Usiiuze yote. Toa 7, 9 na pitching, wape watoto wanaojifunza klabuni kwako. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akiwa na fimbo tatu na pata ana mchezo mzima. Nyingine nitafutie nafasi kwenye buti, nina kedi wawili wanaonidai fimbo kwa muda mrefu.